Tisha, tishia, piga mkwara: mwongozo kamili wa kuchagua neno la kutisha

Fungua gazeti lolote la Kiswahili, haitapita wiki bila kukutana na sentensi ya namna hii: "Mkazi huyo alidai kupewa vitisho." Vitisho vya nini? Vya mdomo, vya panga, vya simu? Aliogopa, au aliondoka huku anacheka? Sentensi haisemi, na msomaji anabaki kubuni. Lugha yetu si maskini wa maneno ya jambo hili. Tumezoea tu kushika mawili matatu na kuyatumia kila mahali.

Mwongozo huu ni wa anayeandika habari, maelezo ya polisi, barua ya malalamiko au hadithi, na wa mtafsiri pia. Zifuate hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inakupunguzia idadi ya maneno ya kuchagua.

Hatua ya 1: Amua unaeleza nini

Kuna mambo matatu ambayo waandishi huyachanganya. La kwanza ni kitendo cha mtu anayetaka mwenzake aogope: alisema nini, alishika nini, alisimama vipi. La pili ni kilichompata huyo mwenzake. La tatu ni hatari yenyewe, ambayo huenda haina mtu yeyote nyuma yake, kama njaa au mafuriko.

Kwa kitendo una tisha, tishia, fokea, kemea, piga mkwara, shurutisha na wenzao. Kwa kilichompata mtu una ogopa, ingiwa na hofu, tishika, babaika, gwaya, nywea, ufyata. Kwa hatari una tishio.

Kosa kubwa ni kuruka kutoka la kwanza hadi la pili bila kumuuliza mhusika. Mtu akisimama sokoni akapaza sauti, "Nitakuchoma na kibanda chako," hapo umesikia kitendo. Kama aliyeambiwa aliogopa, hilo ni suala jingine. Nimesoma habari nyingi zinazosema mwathirika "aliingiwa na hofu kuu" ilhali mwathirika mwenyewe, aya mbili chini, ananukuliwa akisema hababaishwi na mtu.

Hatua ya 2: Tenganisha tisha na tishia

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usipaharakishe.

Tisha ni kutia hofu. Kinachotisha si lazima kiwe na nia: radi inatisha, giza linatisha, takwimu za ajali zinatisha. Mtoto anaweza kutishwa na kinyago kilichoning'inia ukutani bila kinyago kuwa na habari naye. Ndiyo maana tunasema "tukio la kutisha" kwa jambo lililokwisha kutokea.

Tishia hutazama mbele. Anayetishia anataja, kwa maneno au kwa ishara, jambo ambalo bado halijatokea: "Alimtishia kumfukuza kazi." Kazi bado ipo. Ukisema "radi ilimtishia mtoto", sikio linakataa, kwa kuwa radi haikumwahidi mtoto chochote. Ila vitu visivyo na nia vinaweza kutishia pale vinapoelekea kuharibu kitu: "Ukame unatishia mavuno", "Mzozo huo unatishia amani". Hapo pia jambo liko mbele.

Ukiishika tofauti hiyo, unaweza kuandika sentensi ambayo bila yake ingeonekana inajipinga: "Walimtishia mara nyingi, lakini hakutishika."

Sasa sarufi, maana ndiko wengi wanakoteleza.

Tishia hukubali kutajwa kwa silaha moja kwa moja: alimtishia bastola, alimtishia kisu. Tisha huhitaji kwa: alimtisha kwa bastola.

Anayetishia kujifanyia jambo mwenyewe hahitaji kiambishi cha mtendwa: "Mwenyekiti alitishia kujiuzulu." Anayetishia kumfanyia mwenzake anakihitaji mara mbili: "Alimtishia kumshtaki." Ukiacha cha pili ukaandika "alimtishia kushtaki", msomaji atauliza kumshtaki nani.

Katika kauli ya kutendwa, kitenzi cha pili nacho kitendwe. "Alitishiwa kuuawa" ni sawa. "Alitishiwa kuua" ni kosa ninalolikuta hata kwenye vichwa vya habari, nalo hugeuza mambo juu chini, kwa sababu sasa anayetishiwa ndiye muuaji. Ukihisi sentensi inakuwa nzito, ivunje: "Alitishiwa kwamba angeuawa."

Na "kutishia maisha" itumike pale tu uhai wa mtu unapoguswa. Mwenye nyumba anayesema atakutolea vyombo nje hajatishia maisha yako, ametishia makazi yako.

Hatua ya 3: Kitisho, vitisho au tishio

Kwa matumizi ya kawaida Tanzania, kitisho na wingi wake vitisho ni maneno au vitendo vya mtu: "Alipokea vitisho kwa simu." Tishio ni hatari inayokabili: tishio la kipindupindu, tishio la njaa. Mtu naye anaweza kuwa tishio bila kutamka neno, kama mgombea mpya anavyokuwa tishio kwa mbunge aliyezoea kupita bila kupingwa.

Redio za nje zinazotangaza kwa Kiswahili hupenda "kitisho cha ugaidi" ambapo gazeti la Dar es Salaam lingeandika "tishio la ugaidi". Si kosa. Ubaya ni kuchanganya yote mawili katika habari moja, msomaji akadhani unazungumzia mambo mawili.

Epuka "kupewa vitisho" ukiweza. Ni ya kivivu, inaficha aliyetenda na alichosema.

Hatua ya 4: Pima uzito wa hofu

Ogopesha ni la mazungumzo, na Kenya utalisikia sana: "Barabara hii usiku inaogopesha." Ogofya ni ndugu yake wa vitabuni, limeundwa kutoka ogopa kama levya lilivyoundwa kutoka lewa. "Sauti ya kuogofya" inakaa vizuri katika hadithi. Katika taarifa ya polisi inaonekana imevaa suti ufukweni.

Hofu na woga si kitu kimoja. Hofu inaweza kumpata yeyote, hata shujaa: hofu imetanda kijijini, wazazi wana hofu. Woga mara nyingi ni tabia, na humshusha mtu. Ukiandika kwamba shahidi "alishindwa kufika mahakamani kwa woga", umemsema. Andika "kwa hofu".

Taharuki ni hofu ya wengi kwa mpigo, yenye mkanganyiko ndani yake. Polisi wa Tanzania wanalipenda: "taarifa za kuzua taharuki". Mwanafunzi wa fasihi Kenya, hata hivyo, amelijua neno hilohilo kama mbinu ya mwandishi ya kumweka msomaji roho juu, kwa hiyo angalia unamwandikia nani. Kiwewe ni hofu inayomvuruga mtu hata asijue ashike lipi.

Kicho na uchaji ni ukoo mwingine kabisa. Kumcha Mungu ni kumwogopa kwa heshima. Mbabe wa mtaani hachwi, anaogopwa tu.

Kama unaandika hadithi, mara nyingi hutahitaji hata mojawapo ya maneno haya. Lugha ina njia za kuonyesha mwili: kijasho chembamba kilimtoka, aliufyata, alinywea, midomo ilimkauka. "Alinywea" peke yake hufanya kazi kuliko "alijawa na hofu kubwa sana".

Hatua ya 5: Sikiliza sauti na utazame mwili

Kutisha hakufanyiki kwa maneno ya kutisha tu. Mtu anaweza kufoka, yaani kutoa maneno kwa ghadhabu na kwa kasi, na akifokea ana anayemlenga. Anaweza kung'aka, ambako ni kujibu ghafla kwa ukali. Anaweza kumkodolea mwenzake macho bila kusema kitu. Vitendo hivi hupunguza nguvu ya anayetendewa, lakini peke yake si vitisho, na usiviite hivyo.

Kemea na karipia zina kitu cha ziada: anayekemea anajiona ana haki. Mzazi humkaripia mtoto, kiongozi hukemea rushwa, mchungaji hukemea pepo. Ukiandika "jambazi alimkemea mwenye duka", umempa jambazi cheo asichostahili.

Tofauti ya onyo na kitisho ndiyo inayosumbua zaidi. Kipimo changu ni hiki: onyo humfaa anayeonywa, kitisho humfaa anayetisha. "Usipite njia ile, kuna mbwa" ni onyo. "Usipite njia ile, nina mbwa" kinaelekea kuwa kitisho. Viongozi wengi husimama jukwaani wakisema "natoa onyo" huku wanachokitoa ni kitisho kitupu. Mwandishi halazimiki kuwafuata. Unaweza kuandika "alisema" na kuacha maneno yake yajieleze.

Hatua ya 6: Kama kuna nguvu au sharti, toka kwenye kutisha

Baadhi ya mambo tunayoyaita vitisho yana majina yake. Kuonea ni kumtendea vibaya asiye na uwezo wa kujibu, na mwanafunzi mkubwa anayemnyang'anya mdogo chakula chake anamwonea, hata kama hakumtisha. Kunyanyasa ni kuonea kunakoendelea. Kubughudhi ni kumsumbua mtu asipate utulivu: simu za usiku wa manane, kumfuata njiani. Kushurutisha ni kumfanya mtu atende asilotaka kwa kumwekea jambo baya mbele. Kushinikiza ni kumsukuma kwa uzito wa watu, fedha au cheo, na mara nyingine ni halali kabisa, kama wafanyakazi wanaposhinikiza walipwe malimbikizo yao. Mabavu na ubabe ni majina ya namna: "alichukua kiwanja kwa mabavu".

Maneno haya si pambo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumshurutisha mtu, kumtisha, kumbughudhi au kumsababishia maumivu ya kihisia. Ni nia nne, zimetenganishwa makusudi. Kanuni ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 89, inaweka lugha ya matusi upande mmoja na kutishia kudhuru mtu au kuharibu mali yake upande mwingine. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, neno analochagua karani wa kituo cha polisi lina uzito kuliko zamani.

Tahadhari moja juu ya babaisha. "Sibabaishwi" maana yake sitikisiki. Lakini ubabaishaji siku hizi ni kazi ya ovyo au utapeli. "Alimbabaisha mteja" atasomwa kama mlaghai, si kama mtishaji.

Hatua ya 7: Lugha ya mtaani na uwanjani

Mkwara ni kitisho cha kujionyesha, na kinachokitofautisha na vitisho vingine ni kwamba wote wawili wanajua huenda hakuna kitakachofuata. Mtu hupiga mkwara au huchimba mkwara. Vijana pia huchimba biti. Wiki ya mechi ya Simba na Yanga kurasa za michezo hujaa mikwara, na hakuna anayekwenda polisi. Jirani zake ni tambo, yaani majigambo, na kutunishiana misuli, ambako hutumika hata kwa serikali mbili zinazokaziana macho mpakani. Timu ikiingia uwanjani ikacheza kwa hofu, imegwaya.

Kutishia nyau ni kumtisha mtu kwa kitu kisicho na meno. "Mtu mzima hatishiwi nyau" ni jibu la asiyebabaika. Linaswihi kwenye makala ya maoni. Katika habari ya mtu aliyetolewa bastola halifai, labda kama amelisema mwenyewe.

Na ujihadhari na sifa. "Leo umetisha!" anaambiwa mwimbaji aliyefanya vizuri, na "mshambuliaji tishio" ni pongezi. Mtafsiri asiyejua hili atamfanya shabiki aonekane mwoga.

Hatua ya 8: Vitambue vitisho visivyo na neno la kutisha

Vitisho vikali vya Kiswahili havina ndani yake neno hata moja la hofu. Mkuu fulani akisema "tutakula nao sahani moja", hajamwalika mtu chakula. "Serikali ina mkono mrefu" si maelezo ya viungo. "Unanijua mimi nani?" halisubiri jibu. "Utanitambua", "utakiona cha mtema kuni", "utakiona kilichomnyoa kanga manyoya": hakuna hata kimoja kinachotaja kitakachofanyika, na huko kutotaja ndiko kunakomwacha mtu akiwaza usiku kucha. "Haya, tutaonana" inaweza kuwa kwaheri ya kawaida au kitisho, kutegemea sauti. Kwa hiyo mwandishi anayenukuu maneno haya aeleze pia yalivyosemwa: kidole kilikuwa wapi, mlango ulifungwaje.

Kuna vitisho ambavyo mtishaji hajiweki yeye kuwa mtekelezaji. Mwambao na Tanzania bara, wizi ukitokea, mwenye mali anaweza kutangaza: "Aliyechukua arudishe kabla ya Ijumaa, la sivyo tunasoma Albadiri." Albadiri ni kisomo kinachotaja majina ya waliopigana upande wa Mtume katika vita vya Badri, mwaka 624, na watu wengi huamini kisomo hicho kinampata mwizi popote alipo. Hakuna aliyetajwa, hakuna panga, hata sauti haikupandishwa. Lakini usishangae asubuhi ukikuta cherehani imerudishwa kibarazani. Hapa neno lako liwe lipi? "Alitishia kusoma Albadiri" inatosha. Usiandike "alitishia kuua", hata kama wasikilizaji waliyaelewa hivyo. "Namwachia Mungu" ina tabia hiyohiyo: kwa mmoja ni kusamehe, kwa mwingine ni mashtaka yaliyopelekwa mahali pasipo na dhamana. Na mama akisema "radhi zangu hutazipata", mtoto wa Kiswahili hahitaji kamusi.

Hatua ya 9: Andika, kisha ujipime

Chukua mfano wa siku hizi. Wanaokopa kwa simu wanafahamu ujumbe wa aina hii, ambao nimeutunga kwa kufuata mtindo wake:

"Dada deni lako limepita siku 3. Namba zote za simu yako tunazo. Usipolipa leo kabla ya saa 10 picha yako na kitambulisho tunatuma kwa bosi wako na kwaya ya kanisani kwenu wajue wewe ni tapeli. Usiseme hatukukuonya."

Sentensi ya kwanza inakumbusha deni, haina tatizo. Ya pili haina neno baya hata moja, lakini ndiyo inayokaba koo. Ya tatu ni kitisho chenye sharti na muda. Ya nne inajificha nyuma ya onyo.

Sasa liandike tukio. "Alipewa vitisho na wakopeshaji" haitoshi. "Alitishiwa maisha" si kweli. "Alitukanwa" ni nusu tu, kwa sababu ya hilo tapeli. Sentensi inayobeba mzigo ni hii: "Wakopeshaji walimtishia kusambaza picha na kitambulisho chake kwa mwajiri na kwa wanakwaya wenzake asipolipa kabla ya saa 10 jioni." Kama unataka kutaja lengo, ongeza: "wakimshurutisha alipe siku hiyohiyo". Kama ujumbe ulikuja mara ishirini, hapo ndipo bughudhi inapoingia. Kisha muulize mwenyewe kilichompata. Akisema alizima simu na hakwenda mazoezini, andika hivyo. Akisema alicheka akalala, andika kwamba hakutishika, na kitendo cha wakopeshaji kinabaki palepale. Suala si dogo: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilifungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni.

Kama aliyetumiwa ujumbe ni wewe, usiufute. Nakili maneno yalivyo, na makosa yake ya tahajia, pamoja na namba, tarehe na saa. Kituoni usianze na "nimetishiwa". Anza na maneno uliyotumiwa, hilo la kutishiwa lije baadaye. Askari akimaliza kuandika maelezo yako, omba akusomee. Ukisikia ameandika "ametukanwa" mahali ulipotishiwa, mwombe arekebishe kabla hujatia saini, kwa sababu matusi na vitisho havishtakiwi kwa maneno yaleyale, na jalada likishafika kwa mwendesha mashtaka itakuwa kazi kulirudisha.